Nani Ana Haki ya Kumchagulia Kijana Masomo?



Katika toleo hili tunataka kusema juu ya jambo linalozungumzwa sana majumbani mwetu hapa Nakivale, lakini mara chache linaletwa kanisani. Matokeo ya S.6 yanapotoka, nyumba yenye kijana aliyefaulu hupata wageni wengi. Mjomba anasema asome sheria. Mama mdogo anasema asome uuguzi, maana wauguzi hawakosi kazi. Mzee wa kanisa anaona afadhali theolojia. Jirani anasema asisome kwanza, maana familia iko kwenye orodha ya kusafiri. Kijana mwenyewe amekaa pembeni, anatazama chini kwa heshima, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza yeye anaonaje.

Watu hao wote wanampenda. Hatusemi kuna adui kati yao. Lakini tunauliza: je, kumpenda mtu kunatupa haki ya kumchagulia njia? Na kama hakutupi haki hiyo, basi tuna wajibu gani kwake tunapofungua kinywa kumshauri?

1. Mgeni hana wa kumwuliza

Kuwashauri vijana juu ya masomo na kazi ni taaluma yenye historia yake. Mtu anayehesabiwa na wengi kuwa mwanzilishi wake ni Mmarekani Frank Parsons. Mwezi wa Januari 1908 alifungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston. Kazi hiyo ilikuwa na uhusiano na nyumba moja ya huduma katika mtaa uliojaa wahamiaji waliotoka Italia, Urusi na nchi nyingine. Parsons alikufa mwaka huohuo, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1909. Alifundisha mambo matatu. Kwanza, kijana ajijue mwenyewe: uwezo wake, mapenzi yake na mipaka yake. Pili, aijue kazi yenyewe: inadai nini na inatoa nini. Tatu, afikiri kwa makini jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana. Tena alisema wazi kwamba mshauri hamwamulii kijana, bali anamsaidia aone ili aamue mwenyewe.

Si ajabu kwamba kazi hii ilianzia karibu na wageni. Mtu aliye kwao hujifunza njia kwa macho. Anamwona shangazi yake akienda hospitali kufanya kazi, anamwona jirani akirudi kutoka mahakamani, na bila kufundishwa anajua watu hao walipitia shule gani na walisoma miaka mingapi. Sisi tuliohama tulipoteza nyumba na mashamba, na elimu hiyo ya macho tukaipoteza pia. Baba aliyepata Diplôme d'État Bukavu mwaka 1995 anajua vizuri njia za Bukavu za mwaka 1995. Njia za Mbarara na Kampala za leo hazijui, na hilo si aibu. Aibu ni kuongoza wengine katika njia tusiyoijua huku tukijifanya tunaijua.

Basi wajibu wa kwanza wa mshauri ni kujua kitu, au kwenda kuuliza kabla ya kusema.

2. Vazi la Sauli

Tunakumbuka habari za Daudi katika 1 Samweli 17. Alipokubaliwa kwenda kupigana na Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kitu bora alichokuwa nacho, kilichomfaa yeye mwenyewe vitani. Daudi alikivaa, akajaribu kutembea, akaona hawezi, akakivua.

Siku zote tunamsifu Daudi kwa kukataa. Leo tumsifu na Sauli kidogo. Yeye alikuwa mfalme na Daudi alikuwa kijana mchunga kondoo. Angeweza kukasirika na kusema, "Unakataa vazi la mfalme?" Hakufanya hivyo. Alimwacha avue. Wazazi wengi wa siku hizi hawajafikia hapo. Wanampa kijana vazi lao, yaani kazi waliyoitamani wao na vita ikawazuia, na akisema linamlemea wanasema hana adabu.

Mwingine atajibu, "Kijana wa miaka kumi na tisa anajua nini? Mzazi ndiye aliyeona dunia." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, wala hatulidharau. Mzazi anajua mambo ambayo kijana hayajui: njaa ilivyo, jinsi fedha zinavyokwisha, na tabia ya mtoto huyo tangu utotoni. Pengine anajua kwamba mwanawe anapenda jina la udaktari lakini hawezi kukaa na mgonjwa hata saa moja. Ni lazima aseme hayo. Lakini kusema unachojua ni jambo moja, na kuamua ni jambo jingine. Sababu yake ni hii: anayechagua kozi hachagui kitu cha mwaka mmoja. Anachagua asubuhi zake za miaka thelathini au arobaini. Mzazi hatakuwepo katika nyingi za asubuhi hizo. Atakayebeba mzigo ndiye anayepaswa kuuinua kwanza aone uzito wake.

3. Deni la nyumba

Hapa ndipo penye ugumu kwetu sisi wakimbizi. Kijana anayekwenda chuo hakufika hapo peke yake. Mama aliuza sehemu ya mahindi ya chakula. Kaka mkubwa aliacha shule akaenda kubeba matofali ili mdogo asome. Je, kijana huyo hana deni?

Analo. Biblia inatufundisha kuwaheshimu wazazi, na desturi zetu zinasema vivyo hivyo. Lakini tutazame ni deni la namna gani. Chakula hulipwa kwa chakula, na ada ya shule hulipwa kwa kumsomesha mdogo anayefuata. Mtu hawezi kudaiwa karama yake yote kwa sababu alilishwa alipokuwa mtoto. Mzazi akisema, "Tulikulea, kwa hiyo utasoma ninachotaka mimi," ameyageuza malezi kuwa biashara.

Hata hivyo kijana naye anapaswa kuijua bei. Kwa udaktari hapa Uganda ni miaka mitano ya chuo, halafu mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Kwa uwakili ni miaka minne ya shahada ya sheria, kisha masomo ya Law Development Centre kabla ya kuruhusiwa kusimama mahakamani. Katika miaka hiyo yote nyumba itaendelea kula, na mgao unaweza kupunguzwa tena kama ulivyokwisha kupunguzwa mara nyingi. Pengine kuchagua kwake kutamaanisha kwamba mdogo wake angoje. Kijana asifichwe hayo. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama.

Lakini tuangalie wakati wa kusema. Ukweli juu ya gharama ukisemwa kabla ya uamuzi ni ushauri. Ukisemwa baada ya uamuzi, kila siku, kwenye simu, kijana akiwa tayari mwaka wa pili, huo ni fimbo. Familia iketi mapema, iseme wazi: "Tunaweza kubeba hiki, hiki hatuwezi." Kisha ikae kimya na kumwacha afanye kazi.

4. Kukata tumaini na kuuza tumaini

Kuna washauri wa aina mbili wanaowadhuru vijana wetu, na wote wawili husema uongo.

Wa kwanza ni yule anayesema, "Wewe ni mkimbizi, udaktari hauwezekani kwako." Anadhani anamwepusha na maumivu. Lakini amechukua neno "vigumu" na mahali pake akaweka neno "haiwezekani." Mara nyingi maneno hayo huwaangukia mabinti zaidi. Binti aliyepata alama nzuri za kemia anaambiwa ajifunze ushonaji. Ushonaji ni kazi nzuri na ya heshima, nasi tunao mafundi wanaolisha nyumba zao kwa cherehani. Ubaya unaingia pale anapoelekezwa huko kwa sababu ni binti, na mkono wake hata haujawahi kupenda sindano.

Wa pili ni yule anayesema, "Wewe soma tu, Mungu atafungua, ufadhili uko mwingi." Huyo hupendwa sana, naye hupigiwa makofi siku ya sherehe. Lakini ufadhili si mwingi. Shirika la UNHCR lilipoweka lengo mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu, waliokuwemo wakati huo walikadiriwa kuwa asilimia chache tu duniani kote. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilitaja asilimia 7. Ni hatua kubwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini maana yake ni kwamba kati ya vijana mia moja, zaidi ya tisini hawajafika huko. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na UNHCR pamoja na serikali ya Ujerumani na kupewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi, umesomesha vijana zaidi ya 20,000 katika nchi nyingi. Wanaoomba siku zote ni wengi kuliko nafasi, na misaada imepunguzwa sana tangu mwaka 2025.

Basi mshauri mwaminifu afanye nini kati ya hawa wawili? Aseme milango iko mingapi, kila mmoja una upana gani, na usipofunguka kijana atabaki na nini mkononi. Tuchukue mfano wa binti anayetaka udaktari. Mweleze kwamba nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Mweleze pia kwamba yupo anayeanza na stashahada ya uuguzi au ya uganga, akafanya kazi, kisha akaomba shahada kwa njia ya wenye stashahada. Mweleze kwamba aliyefikisha miaka 25 anaweza kujaribu chuo kwa mtihani wa watu wazima. Njia hizi ni ndefu, lakini akiishia katikati hatabaki mikono mitupu. Hapo hujamkata tumaini, wala hujamwuzia. Umempa ramani.

5. Milango hufungwa mapema kuliko tunavyodhani

Watu wengi huanza kumshauri kijana siku barua ya chuo inapokuja. Siku hiyo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Hapa Uganda mtoto akimaliza S.4 huchagua masomo yake makuu ya S.5 na S.6. Asiyechukua biolojia na kemia hapo amejifungia mlango wa kawaida wa udaktari akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, na pengine hakuna aliyemwambia. Vivyo hivyo kwa anayetaka uhandisi akaacha hesabu na fizikia. Kwa hiyo mzungumzo wa kweli unapaswa kufanyika S.4, hata mapema zaidi.

Kwa wale waliokuja na Diplôme d'État, njia ni nyingine. Cheti hicho kinapelekwa Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ili kilinganishwe na vya hapa. Vyeti vya chuo hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Hati za Kifaransa zinahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza, na jambo hili huchukua muda na fedha. Anayengoja wiki ya mwisho hukosa mwaka mzima. Tena aliyesoma pédagogie asidhani atapokelewa katika kila kozi kwa kuwa tu cheti kimekubaliwa.

Na anayetaka ualimu asipewe ushauri wa zamani. Sera ya walimu ya Uganda ya mwaka 2019 inataka mwalimu awe na shahada. Anayemwelekeza kijana kwenye cheti cha zamani cha ualimu wa shule ya msingi, kwa kuwa yeye alipitia huko, anampeleka kwenye mlango unaofungwa.

Tukumbuke pia kwamba kuuliza si kuomba huruma. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti vya kigeni, kupunguziwa ada na kupewa ufadhili, kwamba mkimbizi atendewe vizuri kadiri inavyowezekana. Kabla ya kulipa chochote, mwulize msajili wa chuo: mkimbizi hapa analipa ada ya raia au ya mgeni? Vyuo havifanani, na tofauti hiyo inaweza kuamua kama kijana atamaliza au hatamaliza.

6. Unabii na ndege

Kuna mambo mawili ambayo hatuwezi kuyapita, ingawa ni mazito kuyasema.

La kwanza ni unabii. Si haki mtumishi wa Mungu kumwambia kijana, "Bwana amenionyesha usome sheria," halafu kijana huyo akikwama mwaka wa pili mtumishi hayupo. Sisi wachungaji tuna sauti ambayo vijana wanaogopa kuikataa, na ndiyo sababu inatupasa kuitumia kwa hofu. Tumwombee kijana, ndiyo. Tumwombee apate hekima ya kuchagua. Lakini tusichukue jina la Mungu tukalitumia kufunga mazungumzo ambayo yangepaswa kuanza. Maombi hayaondoi wajibu wa kwenda kwa msajili kuuliza.

La pili ni kungoja ndege. Ziko nyumba ambazo kijana alikatazwa kuanza chuo kwa kuwa mahojiano ya kusafiri yalikwisha kufanyika. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kuuza vyombo vyao walibaki. Hatulaumu tumaini la kusafiri. Tunasema tu kwamba kungoja si mpango. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu walio uhamishoni Babeli kwamba wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko. Na Danieli na wenzake, waliochukuliwa mateka, walisoma miaka mitatu elimu ya Wakaldayo. Mwaka mmoja wa masomo uliokamilika hakuna anayeweza kumnyang'anya mtu. Hata akisafiri baadaye na kukuta cheti chake hakikubaliwi moja kwa moja, kama inavyowapata waganga na wauguzi wengi katika nchi za mbali, akili iliyokwisha kufundishwa husafiri naye.

7. Kwa ninyi mlio chuoni

Wanetu mlioko Mbarara, Kampala na kwingineko, ushauri hauishi siku ya kuandikishwa. Tunajua wengi wenu mnaogopa kuingia ofisi ya mhadhiri, mkidhani mtaonekana wajinga au wasumbufu. Nendeni. Vyuo vingi huruhusu kubadili kozi katika wiki za kwanza za mwaka wa kwanza, na baada ya hapo mlango hufungwa. Ukiona umevaa vazi la Sauli, sema mapema.

Ukishindwa somo, uliza siku hiyo hiyo jinsi ya kulirudia. Ada ikikosekana, usitoweke. Mwanafunzi anayetoweka kwa aibu hupoteza nafasi yake. Anayeandika barua kuomba kuahirisha mwaka anaweza kuilinda nafasi hiyo na kurudi. Ni kijana yuleyule, ni umaskini uleule, lakini barua moja imetofautisha mwisho wao.

Na mtakapofika mbele, rudini kuwaambia wadogo zenu mlichokiona. Mtu wa kumwuliza ambaye ninyi mlimkosa, ninyi mnaweza kuwa yeye.

8. Hitimisho

Basi nani ana haki ya kumchagulia kijana masomo? Tunajibu: hakuna, isipokuwa yeye mwenyewe, baada ya kuambiwa ukweli wote. Mzazi ana haki ya kusema anachoweza kubeba. Mwalimu ana haki ya kusema alama zinaonyesha nini. Kanisa lina wajibu wa kuwakutanisha watu hao mapema, kabla mlango haujafungwa. Kila mmoja wetu anayeshauri ajiulize kwanza: nashauri kwa faida ya nani, na je, nimekwenda kuuliza?

Tunapendekeza kila kanisa la makazi haya litenge Jumapili moja katika mwaka, baada ya ibada, vijana wa S.4 na wazazi wao waketi pamoja na wanafunzi wa chuo waliorudi likizo. Haihitaji fedha. Inahitaji viti na masikio.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
- Je, kijana wetu amewahi kuulizwa anataka kusoma nini, na akamaliza kusema bila kukatizwa?
- Ni kiasi gani nyumba yetu inaweza kubeba kwa kweli, na kwa miaka mingapi?
- Ni nani tunayemjua aliyepita njia hiyo hapa hapa Uganda, ambaye tunaweza kumwuliza wiki hii?

Bwana awape hekima wazazi, na awape vijana wetu ujasiri. Amina.